Usichague Mtaa kwa Macho ya Ng'ombe

Kabula, mayu, mama yangu,

Barua njema huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naiona dirishani: umekaa kwenye kigoda hapo uani, shangazi yako amekibana kichwa chako katikati ya magoti anakusuka, na umekunja uso kama mtu anayeng'olewa jino. Ya kwangu utaisoma humu. Saa tisa hii ya mchana nimejifungia chumbani, nimemwambia mama yako naumwa tumbo. Amecheka. Anauliza ni tumbo gani hilo linalotibiwa kwa kalamu na miwani.

Sitakuandikia habari za kula, wala kuvaa, wala kufunga milango. Mama yako keshakujazia hayo kichwani, na begi amelijaza michembe, viazi vikavu vya kutosha kulisha basi zima mpaka Morogoro. Barua hii nitaichomeka katikati ya hiyo michembe. Najua ukifika Shinyanga utakuwa umeanza kutafuna. Utavumilia mwandiko. Shule mimi niliishia darasa la tano, la sita nilikuwa nachunga, na mwalimu alisema ng'ombe wamepata kiongozi.

Tuanze na ugomvi wetu wa Jumanne.

Wewe chumba chako ulishakiona. Ulipokwenda kule kwenye usaili ulilala Mafiga kwa rafiki yako, ukarudi na habari za chumba kimoja cha uani, nyumba ya wapangaji sita, bomba moja, choo cha pamoja, na mama mwenye nyumba anayekaanga vitumbua barazani tangu alfajiri. Uliongea unacheka. Mimi nikakuuliza mbele ya watu kama umesomea ufundi umeme ili ukapange foleni ya choo na kopo mkononi, kama watu wa mahindi ya msaada. Watu wakacheka. Wewe ukaacha kucheka. Nikaona nimeshinda.

Maana mimi nilikuwa na yangu. Maduhu, mtoto wa marehemu kaka yangu Lugembe, anaishi huko huko Morogoro, na nilimwagiza anitafutie nyumba bila kukuambia. Akapata. Nyumba ndogo lakini nzima, mwisho kabisa wa Kihonda, ina ukuta na geti, na jirani wa karibu hata ukimrushia jiwe halimfikii. Akanipigia simu ya picha anionyeshe. Anaonyesha vigae, anaonyesha bafu, mimi namwambia, "Maduhu, hayo niachie. Inamisha simu nione udongo." Akainamisha. Mweusi ti! Nikafurahi kama mtu aliyeonyeshwa ndama jike. Nikasema chukua.

Ulipojua, ulisema, "Baba, mimi naenda kuvuta nyaya. Siendi kulima pamba."

"Fundi umeme naye hula mchicha."

"Nikitoka saiti saa mbili usiku, huko nani ataona kama nimefika?"

"Mungu."

Mungu nilimtaja kwa sababu hakuwepo kubisha. Tangu hapo unaniamkia kwa adabu zote, unanimwagia maji ya kunawa, chochote nikisema unaitika "sawa, Baba." Mtoto wangu mimi anayesema sawa ni kama jogoo asiyewika: ama anaumwa, ama keshachinjwa.

Basi jana jioni mama yako alikuwa anapepeta mchele, mimi nikajitia kusifu nyumba ya Maduhu, ukuta, geti, utulivu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Sawa. Mpeleke kwenye ukuta. Siku akipiga mwano, ukuta utaitika."

Akaendelea kupepeta. Mimi nikatoka nikaenda kusimama zizini kama ng'ombe mwenyewe.

Wewe umekulia mjini hapa Bariadi, yowe unalijua la sinema. Mwano si kupiga kelele tu. Ni sauti moja kali inayopigwa na mtu aliyezidiwa: ameingiliwa na mwizi, nyumba inaungua, mtu anakufa. Ukiusikia unaacha jembe palepale ulipo, unakimbia, na ukifika unaupiga na wewe ili wa mbele asikie. Usipoitika, siku yako nayo hutaitikiwa. Neno hilo mama yako hakuwahi kulitamka mbele yangu tangu kabla hujazaliwa, na sababu ninayo mimi. Wewe hujaambiwa. Uliambiwa nyingine.

Tulipooana tulitoka upande wa Bukundi tukaja Maswa, nimepata kibarua kwenye kinu cha pamba, kupanga marobota. Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi, jua linapasua mawe. Tukahitaji pa kukaa. Mama yako alitaka kule juu kwenye luseni, kile kichanga, ambako nyumba zilibanana na watoto wa watu wanapita kwako kama kuku. Alikwenda mara moja tu akarudi na majina ya wanawake wanne. "Mmoja ni wa kwetu," akaniambia, "na bomba lipo pale karibu." Nikamwambia nimeoa mke mmoja, sikuoa mtaa.

Mimi nilikuja na ng'ombe wanne na macho yao. Nakwambia kweli, nilitembea mji ule kwa macho ya ng'ombe. Sikuangalia barabara, sikuangalia zahanati iko wapi, niliangalia nyasi. Nikashuka bondeni kwenye mbuga, nikachuchumaa, nikamega bonge la udongo, nikalivunja, nikalinusa. Mweusi, mzito, udongo wa kuzaa. Palikuwa na nyumba ya matofali mabichi, mwenyewe anataka kuhama. Sikujiuliza kwa nini anataka kuhama. Ardhi ilikuwa imepasuka nyufa za kuingiza kisigino.

"Hii mifereji ni ya nini?" mama yako akauliza.

"Ya hewa," nikamwambia.

Jirani alikuwa mmoja tu, kwenye mteremko: bibi mmoja mjane, Bibi Holo, kibanda chake na kuku wake. Nikasema safi, hakuna wa kuja kuhesabu vyungu vyetu.

Mvua zikaja. Udongo wa mbuga ukinywa maji, mayu, unavimba. Ukuta ulipasuka kuanzia dirishani mpaka chini, mlango ukagoma kufunga, tukawa tunauegemeza kinu cha kutwangia. Kwenda barabarani, njia ya dakika kumi, ikawa saa nzima. Katambuga zangu zilibaki matopeni, nikawa naenda kazini miguu mitupu na matope kilo tatu kila mguu, wenzangu wananiuliza nimeleta shamba la nani. Na mimi nacheka nao. Nyumbani mama yako ana mimba ya kwanza, miezi inahesabika, haoni mtu kuanzia naondoka mpaka narudi, isipokuwa Bibi Holo akija kuomba moto au kuleta yai.

Siku yenyewe ilianza na mvua asubuhi. Mama yako akasema kiuno kinauma, nisiende mbali. Nikamwambia siendi. Mara mtoto mmoja wa wachungaji akapita anapaza sauti kuwa ng'ombe wangu mwekundu amenasa kwenye tope kule lamboni. Ng'ombe yule nilimpenda, nisikufiche. Nikasema, "Narudi sasa hivi."

Uchungu ukashika. Mama yako alipiga mwano mara tatu. Kule luseni hawakusikia, mvua na umbali. Aliyesikia ni Bibi Holo. Akateremka na fimbo yake na mguu wake mbovu, akaanguka njiani nafikiri si mara moja, maana tope lilikuwa mpaka kifuani. Akampokea mtoto. Wa kiume. Mama yako anasema alilia mara mbili, nami sijawahi kumbishia. Halafu pumzi ikawa haiji vizuri. Bibi akamfunga kwenye kanga yake, akatoka naye kwenda hospitali. Na mguu ule! Alifika katikati ya mbuga, tope likamshika, hakuna wa kumvuta. Akarudi. Mimi nilipofika nilimkuta amekaa mlangoni kwangu amempakata, mvua imekatika, anamfukuza nzi usoni.

Hapo ndipo watu wakaja. Mvua ikikatika watu huwa wengi. Kwenye kilio, wanaume tumekaa nje kwenye magunia, kaka yangu Lugembe akauliza, "Huyu bibi alifikaje hapa kabla ya watu wote? Nani alimwita?"

Mtu mwingine akasema, "Na macho yale mmeyaona?" Yalikuwa mekundu. Basi wote wakanigeukia mimi mwenye nyumba. Kabula, nilikuwa najua. Mama yako alikuwa ameshaniambia, palepale nilipofika, kwamba alipiga mwano na bibi akaitika. Nilichotakiwa kusema ni hivi: mke wangu alimwita. Lakini ningesema hivyo, swali la pili lingekuwa, "Na wewe ulikuwa wapi?" Na la tatu, "Ulimweka huku bondeni kwa nini?"

Nikasema, "Mimi sijui."

Maneno mawili. Hata kwenye marobota sijawahi kusukuma mzigo mzito kwa nguvu ndogo namna ile.

Mama yako usiku ule ule akaniambia, "Waambie." Nikamwambia anyamaze, yataisha. Hayakuisha. Kuku wa bibi walianza kufa kwa mawe. Watoto wakawa wanaimba njiani kwake. Hazikupita wiki mbili mkwe wake akaja na mkokoteni wa ng'ombe, wakapakia kitanda na chungu na kuku wachache waliobaki. Njia ilipita mbele yangu. Nilikuwa nafunga kamba zizini, nikajitia sijaona. Mkokoteni ukasimama.

"Baba," aliniita hivyo, mimi kijana wa kuweza kuwa mjukuu wake, "ng'ombe wako alitoka topeni?"

"Alitoka, Bibi."

"Vizuri," akasema. "Yeye alipata wa kumvuta."

Wakaenda. Ukiona nikinyamaza ghafla katikati ya mzaha, na ninyi mnasema mzee anazeeka, ni hapo ninapokuwa.

Sasa nikupe na lile ambalo hata mama yako halijui, maana nikiliacha barua hii itakuwa uongo mwingine wenye stempu. Ng'ombe yule hakukaa topeni muda mrefu. Tulikuwa wanaume watano, tulimtoa mapema tu. Nilikaa kumsugua. Nilimwosha tope miguu yote minne, nikawa nawasimulia wale wachungaji uzao wake, mama yake alitoka wapi, bibi yake alikamuliwa lita ngapi, wakanisifu, nikanogewa. Mtoto wangu alilia mara mbili wakati mimi naosha kwato.

Tulihamia Bariadi mwaka ule ule. Watu walisema tumekimbia uchawi, nami niliacha waseme, maana ilikuwa inanipendeza kuliko kusema nimekimbia nyumba niliyoichagua mwenyewe. Ukazaliwa wewe hapa, mvua inanyesha, ndiyo maana u Kabula. Ukakua ukijua kwamba ulikuwa na kaka na bibi mmoja wa Maswa alimla. Ni mimi niliyeacha ukue hivyo. Ulikuwa darasa la pili ulipokuja mbio umetupa daftari, eti bibi muuza mchele sokoni hapa Bariadi amekuita "mjukuu" na macho yake mekundu. Nikakubeba, nikakusifu kwa akili ya kukimbia. Macho mekundu! Nchi hii haina kuni, wanawake wanapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe miaka hamsini, moshi unawala macho, yawe ya rangi gani? Ya bluu? Mama yangu mzazi macho yake yalikuwa kama nyanya, na alichokuwa analoga maishani ni ugali kuungua.

Kwa hiyo ulipouliza Jumanne nani ataona kama umefika, nami nikakujibu mzaha, nilikuwa yule yule wa bondeni. Miaka yote hii nimeota mvi, nimeng'oka meno, na bado mtu akinionyesha nyumba naomba kuona udongo.

Sikwambii chumba cha uani ni peponi. Yule mama wa vitumbua atajua umepika nini kabla hujafunika sufuria. Watauliza mgeni wako ni nani, na usipomleta watauliza mbona haji. Ukuta ukiwa mwembamba utasikia ndoa za watu mpaka ujue nani anakosea, na utatamani kwenda kuamua. Hicho ndicho nilichokikimbia mimi kule luseni. Sikujua kwamba sikio linalosikia umbea ndilo hilo hilo linalosikia mwano. Nilidhani yanauzwa kila moja peke yake.

Na wala usikichukue kwa sababu baba amelia kwenye karatasi. Kiangalie vizuri. Uende tena mvua ikinyesha, maana mtaa wakati wa kiangazi ni mchumba aliyekuja na suti ya kuazima. Angalia kwenye kuta za nje alama ya maji imefika wapi. Pita saa utakayokuwa unatoka kazini, kwa miguu, na begi la vifaa mgongoni, uone unaitikiwaje ukisalimu. Muulize aliyekipanga kabla yako kwa nini amehama. Swali hilo dogo mimi lilinishinda. Kama Mafiga hapakufai, tafuta pengine, hata Kihonda kwenyewe kuna watu, si lazima uende mwisho ambako simu tu ndiyo inakujua. Macho yatakayoangalia yawe yako. Yangu umeshasikia yaliona nini.

Mchana huu, kabla sijaanza kuumwa tumbo, nimempigia Maduhu.

"Ile nyumba iache," nikamwambia.

"Baba mdogo! Nimeshaongea na mwenyewe. Nyumba nzuri vile? Na udongo je?"

"Panda wewe bamia."

"Sasa Kabula atakaa wapi?"

"Muulize Kabula."

Akasema, "Baba mdogo, unaumwa?" Nikamwambia naumwa tumbo. Yeye aliamini. Halafu nikamwambia na lile lingine, kwamba baba yake aliuliza swali kwenye kilio na mimi ndiye niliyelijibu vibaya, asije akadhani Lugembe alikuwa mtu mbaya. Aliuliza tu. Mwenye jibu nilikuwa mimi. Nilisikia Maduhu anafunga mlango, anatoka nje.

Atakupokea stendi, atakupeleka popote utakaposema. Kama utataka kulala kwa rafiki yako kwanza, usimwonee haya.

Limebaki moja, na hili ndilo zito kuliko yote. Bibi Holo alishafariki. Lakini ana binti, yupo Maswa mpaka leo, anauza mchele. Nilimwona msimu uliopita nilipokwenda mnadani. Mtu mmoja wa pale akaninong'oneza, "Yule usinunue kwake, mama yake alikuwa na mambo." Bibi amelala kaburini, na maneno yangu mawili bado yanamzuia binti yake kuuza mchele. Unajua nilifanya nini? Nilizunguka nyuma ya magunia nikanunua kwa mwingine. Wali ule mliusifu sana.

Nimemwambia mama yako nataka twende. Si kupeleka zawadi. Nataka nisimame pale pale sokoni, watu wakiwepo, niseme mke wangu alimwita na mimi sikuwepo, na kwa nini sikuwepo. Mama yako ameniuliza, "Utakwenda?" Hakusema tutakwenda. Amesema utakwenda, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuisikia hadithi hiyo mara nyingi. Na bado la ng'ombe kuoshwa hajalisikia. Nitamwambia leo, ukishamaliza kusukwa, ukienda kuwaaga wenzako.

Unaweza kunikasirikia. Ni haki yako, na basi ni la saa nyingi, utapata nafasi ya kunikasirikia vizuri mpaka Dodoma. Ukifika usiponipigia wiki nzima nitaelewa. Ila siku utakayopiga, usiniulize mvua, usiniulize ng'ombe, wala mgongo wangu. Niulize, "Baba, umekwenda Maswa?" Nikikujibu ndiyo, nikusimulie. Nikianza kukuchekesha, ujue sijaenda. Kata simu.

Mimi baba yako,
Masunga